Nipe Mji: Msaada katika Ufumbuaji wa Fumbo la Maneno la Kila Siku

1.0 Utangulizi

Fumbo la maneno, yaani lile jedwali la visanduku vyeupe na vyeusi ambalo msomaji hulijaza herufi kwa kufuata madokezo ya mlalo na ya wima, limekuwa jambo la kawaida katika magazeti ya dunia kwa zaidi ya karne moja. Wanaolipenda hulifungua kila asubuhi kabla ya kusoma habari. Wapo wanaolimaliza kwa muda wa chai moja, na wapo wengi zaidi wanaokwama katikati. Hawa wa pili ndio wanaoshughulikiwa na makala haya. Mtu aliyekwama afanye nini? Aliweke gazeti kando na kungoja majibu ya kesho? Amuulize jirani? Afungue kamusi? Au achukue simu yake na kutafuta orodha ya majibu ambayo wengine wamekwisha kuyatoa?

Swali hili linaweza kuonekana dogo mno kwa jarida la taaluma. Hata hivyo, fumbo la maneno limeanza kutumiwa katika ufundishaji wa Kiswahili, na mafumbo yenye mada, ambamo majibu yote makuu hutoka katika uwanja mmoja wa maisha, ni chombo kizuri cha kuhifadhi msamiati ambao haupatikani kwa urahisi katika mazungumzo ya mijini. Kwa hiyo namna ambavyo mfumbuaji anasaidiwa si suala la burudani peke yake. Ni suala la namna ambavyo neno linatoka kwa anayelijua na kumfikia asiyelijua. Makala haya yanadai kwamba kuomba msaada si aibu wala si wizi. Kwamba utamaduni wa Waswahili una kanuni yake ya zamani ya kuomba msaada wa aina hii. Na kwamba kanuni hiyo inafaa kurejewa na wale wanaotunga na kufumbua mafumbo ya Kiswahili leo.

2.0 Fumbo la Maneno na Wasaidizi Wake

Fumbo la kwanza la aina hii linalotambuliwa na wengi lilichapishwa tarehe 21 Desemba 1913 katika gazeti la New York World. Mtungaji wake, Arthur Wynne, alikuwa mzaliwa wa Liverpool, Uingereza, na jedwali lake lilikuwa na umbo la almasi. Mnamo mwaka 1924 wachapishaji Simon na Schuster walitoa kitabu cha kwanza cha mafumbo hayo, kikiwa kimefungiwa penseli, na hapo Marekani nzima ikashikwa na homa ya kufumbua.

Jambo la kuzingatia ni kwamba tangu siku hizo za mwanzo wafumbuaji hawakufanya kazi peke yao. Maktaba za New York zililalamika katika miaka ya 1920 kwamba wapenzi wa mafumbo walikuwa wakizizingira kamusi na ensaiklopidia hata wanafunzi wakakosa nafasi. Kampuni ya reli ya Baltimore and Ohio iliweka kamusi ndani ya treni kwa ajili ya abiria waliokuwa wakifumbua safarini. Gazeti la New York Times, ambalo mwaka 1924 lililibeza fumbo la maneno kuwa ni upotevu wa wakati, lilianza kuchapisha la kwake tarehe 15 Februari 1942 chini ya uhariri wa Margaret Farrar, na kuanzia mwaka 1950 likawa la kila siku. Katika miaka ya 1990 gazeti hilohilo lilikuwa likichapisha nambari ya simu ya kulipia, ambapo msomaji aliyeshindwa aliweza kupatiwa majibu ya madokezo machache kwa malipo. Kwa ufupi, msaada ulikuwapo siku zote. Kilichobadilika ni gharama yake na kasi yake.

Leo gharama imekaribia sifuri na kasi imekuwa ya papo hapo. Dokezo likiandikwa kwenye simu, jibu huja kabla mfumbuaji hajashusha pumzi. Mashine nazo zimeingia ulingoni. Programu iitwayo Dr.Fill, iliyoasisiwa na Matthew Ginsberg, ilijaribiwa kwa mara ya kwanza katika mashindano ya wafumbuaji wa Marekani mwaka 2012 bila kuvuma. Mwaka 2021, ikiwa imeunganishwa na kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, iliwapita kwa alama washindani wote wa kibinadamu. Madhali mashine inaweza kulijaza jedwali lote, swali la zamani la iwapo jibu linaweza kupatikana limekwisha. Linalobaki ni iwapo mfumbuaji ananufaika na namna alivyolipata.

Ikumbukwe pia kwamba fumbo lenyewe hubeba msaada ndani yake. Katika New York Times mafumbo ya Jumatatu hadi Alhamisi kwa kawaida huwa na mada, na lile la Jumatatu ndilo rahisi kuliko yote. Mada ni mkono ambao mtungaji anaunyoosha kwa mfumbuaji: jibu moja kuu likipatikana, linaonyesha njia ya kuyafikia mengine. Herufi zinazokutana ni mkono wa pili. Mfumbuaji hodari si yule asiyesaidiwa, bali ni yule anayejua kuupokea msaada uliokwisha kuwekwa mbele yake.

3.0 Kanuni ya Mji

Katika lugha ya Kiswahili kitenzi fumba na kinyume chake fumbua vimekaa pamoja kama mlango na ufunguo. Hakuna anayefumba pasipo kutazamia kwamba mwingine atafumbua. Katika karne ya 19 Muyaka bin Haji na washairi wenzake wa pwani walijibizana kwa mashairi yenye maana zilizofichwa, na baada ya gazeti la Mambo Leo kuanzishwa Tanganyika mwaka 1923, wasomaji walitumiana humo maswali na majibu kwa njia ya ushairi. Mtu aliyefumbiwa hakukaa kimya. Alijibu, au alimwomba mwingine ajibu kwa niaba yake.

Lakini kanuni iliyo wazi zaidi imo katika utegaji wa vitendawili. Mtegaji husema, "Kitendawili!" Hadhira huitika, "Tega!" Kisha hutegwa: "Nyumba yangu haina mlango." Wasikilizaji hujaribu. Mmoja atasema hiki, mwingine kile, na mtegaji atakataa kila jaribio hadi watu waishiwe. Hapo ndipo mtegaji hudai: "Nipeni mji." Hupewa mji, akiuona mdogo huukataa, akapewa mwingine mkubwa zaidi. Akisha kuridhika huanza kusimulia jinsi alivyokwenda katika mji huo, alivyopokewa na alichokula, na mwishowe hulitoa jibu: ni yai.

Utaratibu huu una mambo matatu ambayo yanastahili kutajwa moja moja. Kwanza, msaada hauji kabla ya jaribio. Anayeomba jibu pasipo kujaribu huchekwa. Pili, msaada una bei. Mji unaotolewa si mali halisi, lakini kuutoa ni kukiri mbele ya watu kwamba maarifa ya mtu yamefika ukingoni, na kukiri huko ndiko kunakolifanya jibu likumbukwe. Tatu, anayetoa jibu hulitoa hadharani, kwa masimulizi, na wote waliopo hujifunza. Mtoto aliyeshindwa leo ndiye atakayetega kesho kwa wenzake na kudai miji yao.

Tukio la kuomba jibu kwenye simu halina hata moja kati ya haya. Jaribio si sharti, bei haipo, na jibu hutolewa bila masimulizi kwa mtu mmoja aliye peke yake. Si kwamba amefanya kosa. Amepokea herufi za kujaza visanduku, lakini hakuna kilichomshika akilini. Kesho neno lilelile likirudi, atalitafuta tena.

4.0 Umbo la Kiswahili na Umbo la Jedwali

Kuna sababu ya kilugha inayoufanya msaada uwe muhimu zaidi kwa mfumbuaji wa Kiswahili kuliko kwa mfumbuaji wa Kiingereza, nayo haijazingatiwa vya kutosha na wanaotunga mafumbo kwa kuiga majedwali ya kigeni.

Katika jedwali la mtindo wa Marekani kila herufi ni lazima iwe katika maneno mawili, moja la mlalo na moja la wima. Asiyejua neno la mlalo anaweza kulipata lote kwa kufumbua ya wima. Sasa, maneno ya Kiswahili, isipokuwa machache ya mkopo, huishia kwa irabu. Ina maana kwamba kama kila kisanduku cha mstari wa chini kabisa ni mwisho wa neno la wima, mstari huo utajaa irabu tupu. Maneno ya Kiswahili yaliyoundwa kwa irabu peke yake, kama vile ua, oa na eua, ni machache na mafupi mno. Hali ni hiyohiyo katika safu ya mwisho upande wa kulia. Kwa hiyo jedwali la Kimarekani haliwezekani katika Kiswahili pasipo kuilazimisha lugha.

Jedwali la mtindo wa Uingereza, ambamo takriban nusu tu ya herufi hukutana, linakubaliana na Kiswahili vizuri sana. Chukua neno foromali, yaani mti ambao tanga la jahazi hufungwa. Likiwekwa kwenye mstari wa chini, herufi zake za pili, nne, sita na nane ni o, o, a na i. Juu ya herufi hizo yanaweza kuteremka maneno omo, chombo, nanga na tezi, na yote yakawa ya mada moja ya bahari. Mfuatano wa konsonanti na irabu katika silabi za Kiswahili ni kama uliumbwa kwa ajili ya jedwali hili.

Ila jedwali hili lina gharama yake. Herufi nyingi, aghalabu zile za konsonanti, hazikutani na neno lolote. Mfumbuaji atapata o, o, a, i, na asipojua foromali ni nini, irabu hizo hazitamfikisha mbali. Msaada wa ndani ya jedwali umepungua kwa nusu. Hapana budi msaada mwingine utafutwe mahali pengine, na upo wa aina mbili: sarufi na watu.

5.0 Sarufi kama Dokezo

Msaada wa sarufi ni hazina ambayo Kiingereza hakina. Tuseme dokezo linasema, "Hushushwa chombo kifikapo bandarini," na jibu lina herufi tano. Mfumbuaji amepata -anga. Je, ni nanga au tanga? Vyote viwili hushushwa, na tofauti yao ni herufi ya kwanza tu. Ikiwa herufi hiyo haikukutana na neno jingine, amekwama kwa haki, kwa kuwa kiambishi hu- kimeificha ngeli. Lakini mtungaji akiandika "Linashushwa chombo kifikapo bandarini," jibu ni tanga. Akiandika "Inashushwa," jibu ni nanga. Herufi chache za upatanisho zimefanya kazi ambayo katika lugha nyingine ingehitaji sentensi nzima.

Inafuata kwamba mtungaji anaweza kuupima msaada kwa mizani ya sarufi. Fumbo la mwanzo wa juma linaweza kuwa na madokezo yenye upatanisho kamili, na lile la mwisho wa juma likatumia hu- ili kuificha ngeli. Mwanafunzi anayefumbua kwa njia hii anafanya zoezi la upatanisho pasipo kuambiwa kwamba anasoma sarufi.

Sharti moja ni kwamba kanuni za jedwali zijulikane. Je, ch, sh, ny na ng' hukaa katika kisanduku kimoja au viwili? Je, kitenzi huandikwa na ku- au kwa shina lake? Mtungaji mmoja hufanya hivi na mwingine vile, na mara nyingi mfumbuaji hukwama si kwa kutojua neno, bali kwa kutojua kwamba chombo limehesabiwa kuwa na herufi sita badala ya tano. Msaada wa kwanza ambao mfumbuaji anastahili kupewa ni kuambiwa sheria za mchezo.

6.0 Watu kama Kamusi

Ama msaada wa watu, huu ndio ulio hatarini. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981, na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA iliyotoka mwaka 2015, ni kazi za kutegemewa. Walakini kamusi hupangwa kwa herufi za mwanzo. Anayejua neno huikuta maana. Anayejua maana na kutafuta neno hana pa kuanzia. Mfumbuaji wa fumbo la maneno ni huyu wa pili siku zote.

Mzee aliyesafiri katika majahazi ni kamusi iliyopangwa kinyume. Ukimweleza kitu, atakutajia jina. Ukimuuliza sehemu ya mbele ya chombo, atasema omo; ya nyuma, tezi; ya ndani kule chini yanakokusanyika maji, ngama. Tena hataishia hapo. Atakukumbusha methali isemayo "tezi na omo, marejeo ni ngamani," na mwanafunzi aliyeikariri methali hiyo darasani kwa ajili ya mtihani ataielewa kwa mara ya kwanza. Atakueleza kwamba demani ni kamba ya tanga na pia ni jina la msimu. Huo ndio mji uliotolewa na hadithi iliyosimuliwa kwa ajili yake.

Sasa mfikirie kijana wa kidato cha pili mjini, mbali na bahari, aliyepewa fumbo lenye mada ya jahazi. Babu yake yuko pwani. Kijana ana simu mkononi, na simu hiyo inaweza kufanya moja kati ya mambo mawili: kumpa orodha ya majibu kwa sekunde moja, au kumuunganisha na babu kwa dakika kumi. Katika njia ya kwanza jedwali limejaa. Katika njia ya pili jedwali limejaa vilevile, na pamoja na hayo neno limehama kutoka kizazi kimoja kwenda kingine, na babu ameulizwa jambo analolijua kuliko mtu yeyote nyumbani mwao. Msamiati wa unahodha, kama ule wa ususi, uhunzi na ufumaji, unakaa vichwani mwa watu wanaopungua kila mwaka. Mtu anayezikwa bila kuulizwa huenda na maneno yake.

7.0 Hoja za Kinyume

Yamkini itasemwa kwamba si kila mfumbuaji ana babu pwani, na kwamba kumkataza msaada wa haraka mtu anayejifunza Kiswahili akiwa ugenini ni kumfukuza mchezoni. Hoja hii ina uzito. Mwanafunzi asiye na mzungumzaji karibu yake anahitaji kitabu, orodha au mashine, na ni afadhali apate jibu kuliko alitupe jedwali. Isitoshe, kukwama kupita kiasi hakufundishi kitu. Kinachopingwa hapa si msaada wa haraka kama hivyo, bali msaada ambao hauna hatua: unaoruka kutoka katika kutojua hadi kwenye jibu zima pasipo kituo katikati.

Wapo pia watakaodai kwamba raha ya fumbo ni upweke wake, yaani mtu na kalamu yake, na kwamba anayeuliza amejidanganya. Dai hili limetoka katika utamaduni wa mashindano, ambako saa huhesabiwa na mshindi hutuzwa. Katika ukumbi wa mashindano sheria hiyo ni ya haki. Kibarazani si sheria. Fumbo la Kiswahili lilikuwa jambo la kikundi tangu asili, na hakuna sababu ya kulifanya la mtu mmoja kwa kuwa tu sasa limechapishwa kwenye karatasi.

8.0 Mapendekezo

Kutokana na hayo, mambo manne yanapendekezwa. La kwanza, wahariri wanaochapisha mafumbo ya Kiswahili waweke kanuni zao za herufi na za viambishi mahali pa wazi, na wazifuate. La pili, badala ya kuchapisha majibu peke yake, wachapishe kwanza madokezo ya pili: ngeli ya neno, au methali ambamo neno hilo limo. Mfumbuaji aliyekwama atakuwa na kituo cha kupumzikia kabla ya kudai mji. La tatu, jibu litakapotolewa lifuatane na maelezo ya mistari miwili kuhusu neno lenyewe, maana jibu lisilo na masimulizi ni mji uliolipwa bila hadithi.

La nne linazihusu idara za Kiswahili za vyuo vikuu. Inafaa ziandae orodha za msamiati zilizopangwa kwa mada na kwa idadi ya herufi, na nyingine zilizopangwa kwa herufi za mwisho. Kazi hiyo inaweza kugawiwa wanafunzi, kila mmoja akaenda kwao na kuuliza wazee kuhusu mada moja: jahazi, shamba la minazi, jiko, ngoma, nyumba ya udongo. Orodha hizo zitawafaa watunzi wa mafumbo, wafumbuaji, na hatimaye wanaleksikografia. Mafumbo yenyewe yatakuwa njia ya kuyarudisha maneno hayo kwa watu.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba msaada ni sehemu ya fumbo la maneno tangu lilipoanza, kwamba umbo la Kiswahili linaupunguza msaada wa jedwali huku likiuongeza ule wa sarufi, na kwamba msaada wa watu ndio wenye faida kubwa zaidi kwa lugha, nao ndio unaosahaulika. Mtegaji wa zamani hakumnyima jibu mtu aliyeshindwa. Alimtaka ajaribu, akiri, kisha asikilize. Mfumbuaji wa leo akitimiza hayo matatu hana la kuonea haya, awe amemuuliza babu, kamusi au mashine. Asipoyatimiza, atakuwa amejaza visanduku tu, na neno litabaki kuwa geni kwake kama lilivyokuwa jana.